Mtoto wa Kiume na Lugha ya Usawa: Uhakiki wa Vitabu Vitatu Vilivyosomwa Shuleni

Husemwa mara nyingi, tena kwa fahari, kwamba Kiswahili hakimbagui mwanamke. Kiambishi a- humtaja baba na mama, kaka na dada, bila tofauti yoyote. Mwingereza hana budi kuamua kwanza kama amtajaye ni mume au mke ndipo atumie kiwakilishi, na Mwarabu hulazimika kufanya hivyo hata katika kitenzi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haifiki mbali. Lugha isiyobagua katika kiambishi yaweza kubagua katika kauli ya kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mtoto hujifunza hayo kabla hajajua kuandika, wala hapana mwalimu amfundishaye. Mume ahamiaye katika nyumba ya mkewe husemwa kwa dhihaka kwamba "ameolewa", na dhihaka yote imo katika sauti moja ndogo ya -w-. Mkono wa kulia huitwa mkono wa kuume, na wa kushoto uliitwa mkono wa kike. Atakaye kumfundisha mvulana wa Kiswahili habari za usawa hana budi kujua kwamba mwanafunzi wake amekwisha fundishwa jambo jingine na lugha yenyewe.

Ngarenaro ni mahali pazuri pa kulichunguzia jambo hili. Ni kata ya jiji la Arusha, na jina lake ni la Kimaasai, engare narok, yaani maji meusi. Wakaao hapo, hata hivyo, si watu wa lugha moja. Mwarusha, Mmeru, Mchaga, Mpare, Mrangi na Mwiraki huishi ukuta kwa ukuta, na kinachowaunganisha ni Kiswahili. Kiswahili cha wavulana wa Arusha kina tabia zake: mvulana ni chalii, rafiki ni mshikaji, na astahiliye sifa ni mwamba. Msichana ni demu. Mchunguzi akiyapanga maneno hayo katika safu mbili ataona kwamba safu ya wavulana ina majina ya urafiki na ushupavu, na safu ya wasichana ina majina ya mtu atazamwaye. Si kwamba wavulana hao ni wabaya kuliko wengine. Ndivyo lugha yao ilivyojipanga. Neno la kumtajia msichana kama mwenzi tu, aliye sawa na mshikaji, ni shida kulipata katika msamiati huo, na asiye na neno la kitu huchelewa kukiona.

Kijana huyo, kwa miaka mingi, alipoingia Kidato cha Tatu alipewa vitabu vya fasihi ambavyo kwa sehemu kubwa vilihusu mambo haya haya. Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation, riwaya ya Emmanuel Mbogo iitwayo Watoto wa Mama N'tilie, na riwaya ya Ben Hanson iitwayo Takadini, vyote vilikuwamo katika orodha ya vitabu teule. Wavulana wengi wa Tanzania wamevisoma, au angalau wamesoma maelezo yake. Kwa hiyo si haki kusema kwamba shule haikuwapa wavulana chochote kuhusu usawa. Iliwapa. La kuulizwa ni kama iliwapa katika lugha ambamo wao wenyewe wamo.

Jibu la makala haya ni kwamba vitabu vyenyewe vina mvulana ndani yake, lakini uhakiki wa shuleni umemtoa. Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika sekondari anakijua kichwa cha habari kiitwacho "nafasi ya mwanamke katika jamii". Chini yake huja orodha ya kukaririwa: mwanamke amechorwa kama mlezi, amechorwa kama mvumilivu, amechorwa kama jasiri, amechorwa kama chombo cha starehe. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kutazamwa na mtu wa sarufi. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Kama mwanamke ni chombo cha starehe, starehe ni ya nani? Sentensi haisemi, na mtahini hadai. Mvulana aweza kuiandika kwa mwandiko mzuri, akapata alama zake zote, akatoka katika chumba cha mtihani pasipo kufikiri hata mara moja kwamba imemhusu. Kichwa cha habari kinachosema "nafasi ya mwanamume katika jamii" ni nadra mno kuonekana, kana kwamba mwanamume hana nafasi, bali ndiye mwenye ukumbi.

Ukimya huo una historia ndefu katika fasihi yetu ya nasaha. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mnamo 1858, akimwusia binti yake Mwana Hashima jinsi ya kuishi na watu na hasa na mume. Mume amewekwa pamoja na Mungu, Mtume, baba na mama katika hesabu ya wale wanaopasa kuridhiwa. Wataalamu wamejadiliana sana kama utenzi huo ni wa utii au wa hekima ya mwanamke ajuaye kuishi katika dunia asiyoitengeneza yeye, na mjadala huo una faida yake. Lakini jambo moja halibishaniwi: mwanamume hakuusiwa. Tabia yake imechukuliwa kama hali ya hewa. Binti hufundishwa namna ya kujikinga na mvua, wala mvua haifundishwi kitu. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, kisha akamwandikia mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Hilo pekee, kwamba baba aliketi akaona mwana wa kiume naye ahitaji kuusiwa kwa kalamu, ni hatua ambayo haijapewa uzito wake. Tenzi hizo mbili zingestahili kusomwa mezani pamoja, mstari kwa mstari, na wavulana na wasichana wa darasa moja.

Si kweli, hata hivyo, kwamba mvulana wa Kiafrika hakupata kuusiwa kabisa. Aliusiwa sana, ila si kwa maandishi. Waarusha wa chini ya Mlima Meru walikuwa na mfumo wa marika ulioelezwa kwa urefu na P. H. Gulliver katika kitabu chake Social Control in an African Society cha 1963. Mvulana alitoka ulayoni, akatahiriwa, akawa morani, na katika safari hiyo wakubwa walisema naye uso kwa uso, kwa lugha ya nafsi ya pili: wewe fanya hivi, wewe usifanye hivi. Haifai kuupamba mfumo huo. Mengi yaliyofundishwa humo yalihusu kuwatawala wanawake, na hapana mtu wa Arusha atakayeshangaa kusikia hivyo. Lakini jinsi ya kusema ilikuwa sahihi: mvulana alijua kwamba anayeambiwa ni yeye. Shule ilichukua nafasi ya wakubwa hao, ikaacha nafsi ya pili, ikaleta jina dhahania: usawa wa kijinsia. Ni jina zuri kwa waraka wa serikali. Kama kitu cha kumwambia kijana wa miaka 15 halina miguu, kwa sababu halina mtenda, halina mtendwa, wala halina wakati.

Vitabu vyenyewe sasa. Katika Kilio Chetu mtenda yupo jukwaani, na jina lake ni Joti. Ana wasichana wengi kwa wakati mmoja, na Suzi ni mmoja wao. Wazazi hawakubaliani kama watoto waambiwe mambo ya miili yao au wafichwe, na katika mabishano hayo watoto wanajifundisha wenyewe. Suzi ashika mimba. Joti afa kwa UKIMWI. Nguvu ya tamthilia hii ni kwamba inaonyesha wavulana wakiwa wavulana, yaani wakizungumza wao kwa wao, kila mmoja akitaka kuonekana kidume mbele ya wenzake. Yeyote aliyepata kusikia mazungumzo ya vijana walioegemea ukuta jioni huko Ngarenaro atayatambua. Hapo ndipo penye ukweli wa mchezo huu: Joti haendi kwa wasichana kwa sababu ya wasichana. Aenda kwa sababu ya washikaji.

Walakini mchezo hauna subira na ukweli wake wenyewe. Joti hapewi nafasi ya kufikiri. Anatenda, anaugua, anakufa, na kifo chake kinatolewa kama hoja kwa wazazi: tazameni, mngesema mapema. Hoja hiyo ni ya haki, na katika miaka ya 1990, ugonjwa ulipokuwa ukiteketeza nyumba nzima nzima, ilikuwa ya lazima. Lakini kwa msomaji wa kiume ina kasoro. Maiti haina la kujifunza, na kijana mzima hajioni katika maiti; husema tu kwamba yule alikuwa mzembe. Kuhusu Suzi, maelezo ya darasani humaliza kwa maneno mawili, "alipata mimba", kana kwamba mimba ni kitu alichokiokota njiani. Tamthilia imemwonyesha aliyeitia. Maelezo yamemfuta.

Watoto wa Mama N'tilie ni kitabu cha namna nyingine, na kwa jambo hili ni chenye werevu zaidi kuliko kinavyosifiwa. Jina lake pekee lafaa somo zima. Mama n'tilie ni mwuza chakula cha bei nafuu, na neno hilo ni sauti ya mlaji aliyenyoosha sahani yake: mama, nitilie. Kazi ya mwanamke imepewa jina na amri ya mwenye njaa, na lugha nzima ya nchi imelipokea bila kulitazama mara mbili. Katika riwaya hii mama hufanya kazi na kulisha, naye baba, Mzee Lomolomo, hunywa. Watoto wao, Peter na Zita, wafukuzwa shuleni pamoja kwa kukosa ada na sare. Mbogo amefanya jambo la maana kuwatoa siku moja kaka na dada katika mlango mmoja: umaskini umewaonea sawasawa. Ni baada ya mlango huo ndipo njia zinapoachana, na Peter anavutwa na kundi la wavulana wa mitaani. Wahakiki wa shuleni humtaja Lomolomo kama mfano wa mlevi asiyejali, basi. Hawaulizi ni kitu gani Peter amekiona kila jioni nyumbani kuhusu maana ya kuwa mwanamume, wala kwa nini kundi la wavulana linaweza kumpa kile ambacho baba hakumpa. Riwaya haijibu kwa maneno, lakini imeyaweka mambo hayo mawili karibu karibu, na msomaji wa kiume ana haki ya kuulizwa.

Takadini kimetoka nje, hakika. Mazingira yake ni ya Washona wa Zimbabwe, na Kiswahili chake ni cha tafsiri. Wapo waliolalamika kwamba kitabu cha kigeni kimewekwa mahali pa cha nyumbani. Lakini kwa jambo linalozungumzwa hapa ndicho kilichokwenda mbali zaidi ya vyote vitatu. Sekai, aliyekaa miaka mingi bila mtoto, azaa mtoto mwenye ualbino, na mila yaamuru mtoto huyo asiishi. Mumewe Makwati hana ushujaa wa kupinga. Sekai amchukua mwanawe na kutoroka, na katika kijiji kingine mzee Chivero awapokea. Mvulana akua, na Shingai amchagua kwa hiari yake, ijapokuwa wazazi hawaridhiki.

Wanafunzi wote huandika kwamba Sekai ni jasiri, na ni kweli. Jambo ambalo halijaandikwa vya kutosha ni tofauti baina ya Makwati na Chivero. Wote wawili ni wanaume, wote wamelelewa katika mila moja, na hakuna hata mmoja aliye mwovu. Makwati anampenda mkewe. Anachoogopa ni wanaume wenzake. Chivero naye ana wenzake, lakini ahesabu gharama, akaamua. Hapa ndipo mvulana anapoweza kuonyeshwa kwamba mwanamume si hali ya hewa bali ni mtu achaguaye. Tena lipo jina la mtoto mwenyewe. Takadini, kwa Kishona, ni swali: tumefanya nini? Kitenzi kipo, nafsi ipo, ya kwanza wingi, na wenye kupasa kujibu wamo ndani ya neno. Ni ajabu kwamba kitabu chenye jina la namna hiyo kimefundishwa kwa sentensi zisizo na mtenda.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mabishano ya wanasarufi, na kwamba maisha ya wasichana hayabadiliki kwa kiambishi. Basi na atazame sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na ikamruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hilo mahakamani, na Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Ukisoma vifungu hivyo kama mtu wa lugha, utaona kwamba tofauti ya miaka mitatu imekaa juu ya tofauti ya huoa na huolewa: atendaye alingojewa akomae, atendwaye hakungojewa. Vivyo hivyo katika habari za shule. Miaka mingi nchi ilihesabu "wanafunzi waliopata mimba", na mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba hawatarudi darasani. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikaruhusu warudi. Katika muda huo wote mvulana alitajwa mahali pamoja tu, penye adhabu, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi. Yaani kijana wa kiume hana jina katika lugha ya nchi mpaka awe mshtakiwa. Kabla ya hapo hayumo, na hapana aliyesema naye.

Palikuwapo jaribio moja la kusema kwa namna nyingine, na lilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1996 Amandina Lihamba na Penina Mlama walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Mlama alikuwa tayari ameandika Nguzo Mama, tamthilia ya wanawake wa kijiji cha Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama. Katika Tuseme wasichana walitaja matatizo yao wenyewe, wakatafuta sababu zake, wakayatungia michezo na kuyaigiza mbele ya wenzao na walimu. Baadaye FAWE waliueneza mradi huo katika nchi nyingine za Afrika, na katika shule za mchanganyiko wavulana nao wakaingizwa. Tangu mwanzo walikuwa wa kwanza kuonyeshwa, kwa sababu mara nyingi ndio walioigizwa. Mvulana amwonaye msichana wa darasa lake akiigiza jinsi yeye apigavyo miluzi njiani hapati mtu wa kumsingizia. Kauli ya kutendwa imevunjika mbele ya macho yake. Zaidi ya hayo, anacheka kwanza, kisha anaacha kucheka, na hapo palipo katikati ndipo mafunzo yalipo.

Wako waliohofia kwamba kuwaingiza wavulana ni kuwarudishia ukumbi ambao wasichana wameupata kwa taabu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mvulana akipewa nafasi huzoea kuichukua yote, na mwalimu mvivu atafurahi kuona mjadala umechangamka hata kama waongeao ni wa upande mmoja. Dawa yake imo katika mpangilio wa kazi: wasichana watangulie kutunga, wavulana watangulie kusikiliza. Neno tuseme lina nafsi ya wingi, lakini wingi haumaanishi kwamba wote waseme kwa wakati mmoja.

Kiswahili nacho kina rasilimali yake, na waandishi wa vitabu vya vijana hawajaitumia inavyostahili. Pamoja na kauli ya kutenda na ya kutendwa ipo ya kutendana. Watu huoana. Neno hilo ni la siku zote, husemwa na kila mtu, na ndani yake hakuna wa juu wala wa chini. Lakini likija jambo la mtu mmoja mmoja, wasemaji hurudi mara moja kwa huoa na huolewa. Sentensi ya usawa, katika lugha hii, haihitaji kukopwa. Inahitaji kuandikiwa visa ambamo mvulana na msichana wanasaidiana kazi, wanabishana, wanakoseana na kusameheana, bila mmoja wao kuwa somo na mwingine kuwa mfano.

Mpaka visa hivyo viandikwe, vitabu vilivyokwisha kusomwa vyatosha kuanzia, kama maswali yake yatabadilishwa. Badala ya kumwuliza mwanafunzi wa Ngarenaro aeleze nafasi ya mwanamke katika Kilio Chetu, na aulizwe Joti alijifunza wapi aliyoyatenda, kutoka kwa nani, na kwa maneno gani. Wasichana watajibu upesi. Wavulana watachelewa kidogo, kwa sababu maneno yenyewe wanayajua, ila hawajapata kuyaandika katika karatasi ya mtihani.